Nukta Chini ya Mtende

Kilichomponza Jebet ni ufundi wake. Fundi ovyo angeitia ile nukta palepale ilipochorwa, isionekane, akaenda zake kunywa chai, na hakuna mtu ambaye angeshikwa na hofu siku hiyo. Lakini Jebet alikuwa ameshona beji za sweta za shule mjini Eldoret kwa miaka sita kabla hajaja Doha, na mkono wake haukujua kuacha kitu kikae vibaya.

Alhamisi hiyo ya Novemba, mwaka 2012, alikuwa peke yake katika chumba cha jezi, chini ya jukwaa la uwanja ule mdogo ulio kando ya barabara ya Umm Salal. Jezi ishirini na tano zilining'inia mbele yake, za kijani zenye michirizi ya dhahabu mabegani, zimepigwa pasi zikanyooka. Ya ishirini na sita, jezi ya mwenye klabu mwenyewe, ilikuwa imechukuliwa asubuhi na Augustine, Mganda aliyesimamia vifaa vyote vya timu, akaipeleka shambani kwa tajiri ikiwa imekunjwa ndani ya sanduku la kadibodi. Sherehe ilikuwa saa kumi na nusu. Jebet aliziangalia jezi zake akafurahi, masikini, kama mtu aliyemaliza kupika kabla ya wageni.

Miezi mitatu nyuma klabu ilikuwa na jina jingine. Iliitwa Al-Mahhar, yaani chaza, yule mdudu wa baharini anayebeba lulu, na chaza huyo ndiye aliyekuwa kwenye nembo: amefunguka nusu, ndani yake kitone cheupe. Jezi zilikuwa nyeupe na samawati. Wazee wa pale walikuwa na ngoma zao, na mpigaji mkuu alikuwa mzee mmoja mweusi wa Kikatari aitwaye Surur, ambaye alisema bibi yake alikuwa akiimba nyimbo zenye maneno ya Kiswahili bila kujua maana yake. Mzee huyo akianza kupiga, hata Jebet, aliyezaliwa mbali na bahari yoyote, alikuwa anaacha sindano na kutoka nje kusikiliza.

Kisha Septemba klabu ikaangukia mikononi mwa Bu Ghanim, tajiri wa mashamba ya tende. Chaza akafutwa, mitende ikaingia, na jina likawa An-Nakhil, yaani hiyo hiyo mitende. Ngoma zikapigwa marufuku, eti kelele. Jebet akapewa mkasi na jezi za zamani arobaini na kitu azikate matambara ya kufutia mabasi. Alizikata zote. Ila beji moja ya chaza ilimshinda. Aliibandua kwa uangalifu, akaijaza pamba, akaitia kitambaa nyuma na mpira wa kuvaa mkononi, ikawa kitakia chake cha sindano. Hakuna aliyemwuliza, naye hakumweleza mtu.

Na kama kufuta chaza hakukutosha, Bu Ghanim akakata chai. Tangu zamani mashabiki walipewa chai ya maziwa na sambusa kila mechi, hata wale walinzi wa Kikenya waliokuwa wakiletwa kwa mabasi kutoka mtaa wa Al Mansoura kuja kujaza viti. Chai ilipokatwa, vijana wa Kikatari walianza kuimba jukwaani: "Ba-khil! Ba-khil!" Wakenya walitazamana. Mambo mengi ya Kiarabu yaliwapita juu ya kichwa, lakini hilo walilipata mara moja, maana kwao ni bahili, na bahili ni bahili. Jukwaa lote likaimba. Jebet naye alikuwepo siku hiyo na Loice, mwenzake wa chumbani, na aliimba mpaka sauti ikakauka. Alicheka sana. Kicheko hicho alikuja kukikumbuka Alhamisi akakichukia.

Sasa nembo. Mitende ilitariziwa kwa mashine katika duka moja la mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, lakini duka lilipotaja gharama ya kutarizi na maandishi pia, Bu Ghanim alisema hapana, si kuna mwanamke mwenye cherehani kule klabuni? Basi Jebet akaletewa mitende isiyo na neno, pamoja na karatasi yenye neno lenyewe kwa Kiarabu, alishone kwa uzi wa dhahabu kukatiza shina. Kiarabu hajui kusoma. Aliyafuata yale maumbo jinsi alivyokuwa akifuata maua ya kitambaa cha meza. Kulikuwa na meno, mikunjo, na nukta nne. Tatu hazikuwa na shida. Ya nne, ile ya jino la kwanza, ilipaswa kukaa juu, na hapo juu palikuwa na kuti lililolegea, la dhahabu pia. Dhahabu juu ya dhahabu. Nukta ilimezwa, haikuonekana kabisa. Jebet akaona ni aibu pambo kupotea, na chini ya jino palikuwa na nafasi nzuri ya kijani tupu. Akaishusha. Akahesabu: nne. Akashona ishirini na sita.

Saa sita na nusu, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Shee aliingia kuchukua jezi azipakie kwenye gari awapelekee wachezaji. Shee alikuwa dereva wa klabu, mtu wa Faza kule kwenye visiwa vya Lamu, mwenye ndevu za mvi na utani mwingi.

"Dada Jebet, mashallah. Leo hata mimi n'tavaa moja, niitwe kucheza namba tisa."

"Chukua pole pole, Mzee Shee, usinikunjie."

Shee alinyoosha mkono kwenye jezi ya kwanza, akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaishika ya pili. Akaishika ya tatu. Akageuka akaenda kufunga mlango.

"Jebet," akasema, bila dada. "Nani aliyekwambia uandike hivi?"

"Nimefuata karatasi."

"Lete hiyo karatasi."

Aliileta. Shee akaiweka juu ya meza kando ya jezi, akaweka kidole kwenye karatasi, juu ya lile jino. "Hapa nukta iko wapi?"

"Juu. Lakini juu ilikuwa haionekani, ikiingia kwenye majani. Nikaiweka chini. Si bado ziko nne?"

"Nne!" Shee alikaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. "Mama wewe, kwani hizi ni shanga? Sikiza. Sisi chuoni, tukisomeshwa Kurani, tulichapwa kwa jambo hili tungali watoto. Nukta moja juu, nuni. Nukta moja chini, be. Ikiwa juu, neno hili ni Nakhil. Ukiishusha chini ni Bakhil."

Jebet alimtazama. Kwa muda mfupi neno lilikuwa sauti tu. Halafu likamfikia, nalo lilikuja kwa Kiswahili, likiwa zima, na jukwaa lote nyuma yake.

"Bahili," akasema.

"Umewaandika vijana wote vifuani. Klabu ya Bahili."

Hofu ikamshika Jebet. Alimkumbuka Kevin, mlinzi waliyekaa naye jengo moja Al Mansoura, aliyemwonyesha dereva mmoja ishara ya kidole barabarani. Siku ya tatu Kevin alikuwa kwenye ndege akirudishwa kwao, kandambili miguuni. Na huyo hakumjua hata jina yule dereva. Yeye Jebet alikuwa amemtukana mwenye klabu, aliyeshikilia pasipoti yake na saini ya ruhusa yake ya kutoka nchini, na alikuwa amemtukana kwa neno lilelile aliloimbiwa uwanjani. Nani angekubali kwamba ni bahati mbaya?

"Watasema nimetumwa," akasema.

"Watasema."

"Mzee Shee, aki ya Mungu, mimi sijui kusoma hivi vitu."

"Mimi najua kwamba hujui. Lakini utaonyeshaje? Mtu aweza kuonyesha kuwa ajua kusoma. Kuwa hajui, ataonyeshaje?"

Hilo swali lilimkaa Jebet kichwani mchana wote. Halikutoka.

Walifanya walichoweza. Shee alifunga mlango kwa ufunguo, akavua kofia, akaketi kumtungia nyuzi kwenye sindano kwa yale macho yake ya miaka hamsini na nane, na Jebet akaanza kufumua. Nukta ya dhahabu ikitoka chini, anashona nyingine juu, ndani ya kuti, na kwa sababu dhahabu haikuonekana Shee alisema weka nyeupe, weka nyekundu, weka rangi ya kuzimu ukitaka, mradi iwe juu. Akaweka nyeupe. Kila alipomaliza moja Shee aliisoma kwa sauti ya chini, "An-Nakhil, alhamdulillahi," na kuitundika. Kufikia ya kumi Jebet naye alikuwa akiisoma. Kufikia ya ishirini aliweza kuitofautisha nuni na be kutoka upande wa pili wa chumba.

Mikono ilifanya kazi, ila akili haikuwa hapo, ilikuwa Umm Salal, shambani kwa tajiri. Jezi ya ishirini na sita ilikuwa kwa mwenyewe. Alimpigia Augustine simu mara tatu.

"Nyabo, mimi nilishampatia tajiri, mudir mwenyewe, boksi," Augustine akajibu mwishowe, akimwita bibi kwa Kiganda chake. "Alikuwa anakula. Alisema ataifungua baadaye. Kwani iko shida gani?"

"Hakuna shida," Jebet akasema, akakata.

Kulikuwa na jambo jingine lililomtisha zaidi, na hakumwambia Shee. Alikuwa anajiuliza kama kweli ni bahati mbaya. Nafasi ilikuwepo chini, sawa. Lakini ilikuwepo pia pembeni. Ilikuwepo hata juu zaidi, ukilipita lile kuti. Kwa nini mkono ulikwenda chini? Yeye si aliimba lile neno? Si alikata wale chaza kwa mkasi huku akimlaani yule tajiri kimoyomoyo? Alivitazama vidole vyake akaviogopa.

Saa tisa kasoro gari likasimama nje. Shee alichungulia dirishani. "Ni yeye," akasema, akavaa kofia, akafungua mlango. Jebet alikuwa amemaliza ya ishirini na tano dakika tano tu zilizopita, na nyuzi za dhahabu zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Hakuwa na nguvu ya kuinama kuziokota.

Bu Ghanim aliingia peke yake. Jebet hakuwahi kumwona kwa karibu. Alikuwa mtu mfupi wa makamo ya uzee, kanzu nyeupe, viatu vya ngozi vilivyochakaa kisigino, na kwapani alibeba lile sanduku la kadibodi. Aliliweka mezani. Akaitoa jezi, akaitandaza, akailainisha kwa kiganja. Nukta ya dhahabu ilikuwa palepale chini, safi, imeshonwa vizuri mno.

Alisema neno kwa Kiarabu. Shee akatafsiri, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe.

"Auliza, nani amekutuma?"

"Hakuna. Mwambie hakuna mtu. Nilikosea."

Bu Ghanim alitazama nyuzi sakafuni. Akaenda kwenye jezi zilizotundikwa, akachomoa moja, akaisoma, akaigusa ile nukta nyeupe. Akairudisha mezani, akaiweka sambamba na yake. Kisha akamtazama Jebet, na kwa mara ya kwanza akasema taratibu, akingoja Shee amalizie kila sentensi.

"Asema, mtu asiyejua kusoma hawezi kuwa na hila. Asema, mwonyeshe sasa. Mojawapo ya hizi yaandika jina la klabu. Ni ipi?"

Jebet aliona mtego huo wote mara moja. Asubuhi ile asingejua. Asubuhi angeangalia jezi mbili akaona mitende miwili na nukta nne kila mmoja. Sasa anajua. Akionyesha iliyo sahihi, anajua kusoma, kwa hiyo alitukana kwa makusudi. Akionyesha isiyo sahihi, anadanganya, na zile nukta nyeupe ishirini na tano zilizotundikwa ukutani zinamsuta. Shee alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa anaswali, au alikuwa anafikiria watoto wake.

Jebet akasema ukweli, kwa kuwa uongo ulikuwa umemwishia.

"Ni hii yenye nukta juu. Hii ni mitende." Akahamisha kidole. "Na hiyo yako ni bahili. Lakini nimejua leo mchana. Juzi nilipoishona sikujua."

Shee alifungua mdomo atafsiri, labda alitaka kuipunguza makali, lakini alichelewa. Neno moja halikuhitaji mkalimani.

"Bahili?" Bu Ghanim akarudia. Akaligeuza mdomoni, "bahili, bakhil," na akauliza kitu.

"Auliza, hata kwenu lipo?"

"Hata kwetu."

"Auliza, na kwenu nani huitwa hivyo?"

Jebet alitamani sakafu ifunguke. "Mtu aliye na kitu, na hakitoi," akasema.

Shee alitafsiri akiwa anatazama ukuta. Macho ya Bu Ghanim yalishuka kutoka usoni kwa Jebet hadi kwenye mkono wake wa kushoto, na hapo Jebet alikumbuka. Kile kitakia. Chaza, amefunguka nusu, na kitone chake cheupe, amechomwa sindano kila mahali, yuko mkononi mwake kama saa. Aliusogeza mkono nyuma, lakini alikuwa amechelewa, na alijua sasa kwamba imekwisha. Alianza kulia bila sauti.

Bu Ghanim alinyoosha mkono, hakumgusa, akachomoa sindano moja kutoka kwa yule chaza na kuiweka juu ya jezi yake.

"Asema, itoe ile nukta."

Jebet aliifumua. Ilimchukua muda mrefu kuliko zote ishirini na tano. Alipomaliza, akatia uzi mweupe kwenye sindano, akaisogeza juu kwenye kuti, na Bu Ghanim akaweka kiganja chake juu ya nembo.

"Asema, basi. Iache hivyo."

"Bila nukta?" Shee mwenyewe aliuliza, kwa Kiswahili, kwa mshangao. Kisha akauliza kwa Kiarabu. Jibu lilikuwa fupi, na Shee alichukua muda kulitoa.

"Asema, bila nukta kila mtu atasoma kilicho moyoni mwake. Nawe uje kwenye sherehe na sindano yako. Usimame nyuma yake."

Saa kumi na nusu jua lilikuwa limepungua ukali. Zulia lilitandazwa nyasini, viti vyeupe vikapangwa, na gahawa, ile kahawa yao ya Kiarabu, ikapitishwa katika vikombe vidogo. Wachezaji walisimama mstari mmoja, kijani na dhahabu, nukta nyeupe juu. Jukwaani walikaa mashabiki, na Wakenya wa Al Mansoura, na Jebet alimwona Loice akimpungia mkono kwa furaha. Hakupunga. Alisimama hatua mbili nyuma ya Bu Ghanim, chaza mkononi, meno yakigongana katika joto lile, Shee kando yake.

Bu Ghanim alikuwa ameivaa jezi juu ya kanzu. Watu wakaanza kuja kumpongeza. Wa kwanza alikuwa katibu wa klabu, mtu mnene mwenye miwani. Alitoa mkono, akasema maneno ya baraka, na Bu Ghanim hakuuachia mkono. Akagonga kifua chake kwa kidole cha mkono mwingine.

"Amwambia asome," Shee akanong'ona.

Katibu alitabasamu, akainama, akatazama. Tabasamu lilibaki usoni lakini macho yalibadilika. "An-Nakhil!" akasema, kwa sauti kubwa mno. Bu Ghanim akamwachia.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kocha, Mserbia asiyejua herufi, alicheka na kupita. Lakini wenye lugha yao walifika mmoja mmoja, matajiri, majirani wa mashamba, jamaa zake, na kila mmoja alishikwa mkono na kuambiwa asome, na kila mmoja aliinama akaona jino tupu lisilo na kitu juu wala chini. Wote walisema An-Nakhil. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Jebet aliwaona wakija wanacheka na kuondoka wakijifuta nyuso. Alielewa wanachosikia, kwa kuwa alikuwa nacho yeye tangu saa sita na nusu. Wakubwa wale wote, na magari yao, waliogopa kitu kilekile alichoogopa yeye.

Na akaona jambo jingine. Aliona shingo ya Bu Ghanim. Kila mtu alipoinama, kabla hajasema, kulikuwa na kimya kidogo sana. Pumzi moja. Na katika pumzi hiyo ile shingo ilikuwa inakakamaa. Kama lile neno lingekuwa mitende tu vichwani mwao, wangehitaji kufikiri nini?

Mwisho alikuja Mzee Surur, mpiga ngoma, bila ngoma. Labda aliitwa, labda alijileta. Alikuwa amevaa skafu ya samawati na nyeupe, na watu wakamfungulia njia kwa jinsi watu wanavyojitenga na balaa. Bu Ghanim akamshika mkono, akagonga kifua.

Surur hata hakuinama.

"Al-Mahhar," akasema.

Hakusita hata kidogo. Shee alivuta pumzi. Jukwaani hakuna aliyesikia, lakini wale wa kwenye zulia walisikia, na vikombe vya gahawa vikasimama hewani. Bu Ghanim akamwachia mzee mkono taratibu, na Surur akaenda akakaa kwenye kiti cha mbele ambacho hakikuwa chake.

Hapo Bu Ghanim akavua jezi. Akageuka, akampa Jebet.

"Asema, tia nukta," Shee akanong'ona. "Hakusema wapi."

Jebet alipiga magoti kwenye zulia, jezi mapajani. Watu wote walikuwa wanamtazama sasa, wageni wa gahawa na wachezaji na Loice kule juu. Alichomoa sindano kutoka kwa chaza, yenye uzi mweupe tayari. Anajua wapi. Mtoto wa chuo angejua. Akashusha sindano, na ncha ikaenda chini, chini ya jino, mahali ilipokwenda mara ishirini na sita, palipokuwa na nafasi nzuri ya kijani. Ikasimama upana wa unywele mmoja juu ya kitambaa. Akauinua mkono, akaupeleka juu, akatia nukta ndani ya kuti, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Alipoinua macho Bu Ghanim alikuwa anamtazama. Alisema maneno mawili, kwa upole, na huo upole ndio uliomtisha Jebet kuliko yote ya siku ile.

"Asema," Shee akatafsiri, "hata wewe umesita."

Kama ni mazoea ya mkono au ni moyo, hata Jebet mwenyewe hakujua. Bu Ghanim alichukua jezi. Kisha akaelekeza kidole kwenye kitakia, akaweka kiganja wazi, na Jebet akakivua mkononi, akampa. Tajiri akamtia chaza mfukoni mwa kanzu na sindano zake zote, na Jebet alimwona akikunja uso zilipomchoma, ila hakumtoa.

Ijumaa Jebet hakula. Alipakia nguo zake kwenye sanduku, akazitoa, akazipakia tena, na kila kiatu kilichopita kwenye ngazi za jengo lao kilikuwa cha askari. Loice alimpikia uji, ukapoa. Jumamosi asubuhi Augustine alimkuta chumba cha jezi, akampa bahasha ya khaki.

"Kutoka kwa mudir. Amesema nikupe mkononi."

Jebet alijua ni tiketi ya ndege. Alikaa kwanza. Ndani hakukuwa na tiketi. Kulikuwa na agizo la bendera hamsini, na mchoro mpya wa nembo, ambamo kuti lile lililolegea lilikuwa limekatwa, na juu ya jino la kwanza mtu alikuwa ameweka nukta kwa kalamu nyekundu, kubwa kama punje ya choroko, akiwa ameikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Jebet alikaa pale akilia na kucheka, na Augustine, asiyejua lolote, akamuuliza kama bendera ni nyingi sana.

Mechi iliyofuata chai ilirudi. Vikombe vilikuwa vidogo kuliko vya zamani na havikujazwa, lakini ilikuwa chai, yenye maziwa. Wakenya walinywa, vijana wa Kikatari walinywa, na hakuna aliyeimba lile neno. Jebet alikaa jukwaani na Loice, bendera zake hamsini zikipepea chini yao. Mkononi alikuwa na kitakia kipya alichonunua Al Mansoura, chekundu, cha umbo la nyanya.

Bu Ghanim alipotokea mlangoni, jezi juu ya kanzu, watu wote walisimama wampigie makofi. Lakini kabla ya kofi la kwanza kulikuwa na kimya. Kilikuwa kidogo sana, pumzi moja tu, na mgeni asingekitambua. Kisha makofi yakalipuka uwanja mzima. Jebet naye alipiga, kwa nguvu, mpaka viganja vikamuuma. Alimwona yule tajiri kule chini akiwa amesimama tuli, mkono mmoja ndani ya mfuko wa kanzu, bado anakisikiliza kile kimya.